Wasomaji Waliotaka Siri ya Mzee Thembo

Ipo siku moja ya soko pale Bwera ambayo hunijia hata nikiwa nachambua maharage, mwanangu, na ikinijia mikono husimama yenyewe. Sijawahi kumsimulia mtu habari yake yote. Lakini wewe Biira ulikuja hapa Jumapili iliyopita baada ya ibada, na daftari lako na kalamu mbili, ukasema unataka kuanzisha jarida la wapenzi wa mazingaombwe, la kwenye simu na nakala chache za karatasi. Na kwa kuwa ulisikia kwamba bibi huyu aliwahi kuwa na jarida kama hilo, ukaniuliza wasomaji wake huwa wanataka nini. Nilikupa chai nikakwambia urudi. Haya, umerudi. Kaa, na hilo daftari lifunge kwanza.

Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi kwenye mgodi wa shaba, nami nikakulia hapa Kasese. Nilipomaliza shule nikapata kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja mjini. Nilikuwa na vidole vyepesi na kiburi kikubwa. Tulikuwa vijana saba tuliopenda mazingaombwe, wa kamba inayokatwa ikaungana, wa yai linalotoweka kwenye leso, wa karata. Tulicheza kwenye harusi na shuleni, na kila mwezi tulitoa jarida la kurasa nane tuliloliita Mikono Myepesi. Mimi ndiye niliyekuwa mhariri, si kwa akili, ni kwa sababu mimi ndiye niliyejua kukata stensili, na kanisa letu, lililokuwa na tawi pale Bwera pia, lilikuwa linaniruhusu kutumia mashine yake ya kudurufu.

Mtu tuliyemwonea wivu sote alikuwa Mzee Thembo wa Bwera. Ujanani mashine ya kukoboa kahawa ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, kwa hiyo karata hakuziweza, kamba hakuiweza. Alibaki na mchezo mmoja tu. Alikunja ngumi ya ule mkono wa vidole vitatu, akamwomba mama yeyote pale sokoni amtilie chumvi kidogo ya ziwa la Katwe, kiasi cha kuonja mchuzi, kisha akanyoosha ngumi juu ya bakuli. Chumvi ikaanza kumwagika. Ikamwagika mpaka bakuli likajaa na watu wakasahau kufunga midomo, kwa sababu kila mtu aliona kwamba mkono ule hauwezi kuficha hata punje ya mahindi. Watu wa ng'ambo, wa Kongo, walikuwa wanavuka kuja kumtazama. Walimpa ndizi, walimpa kuku, na kwa hizo ndizi na kuku ndivyo yeye na mke wake Masika walivyoishi. Hakuwa na shamba la maana wala mkono wa kulilimia.

Mimi nilijua chumvi inatoka wapi. Siku moja bitana ya koti lake ilichanika, na macho ya Masika yalikuwa yamechoka, basi mzee akaniletea koti kwa kuwa nilikuwa na cherehani. Akalifungua mbele yangu bila kusita. Begani, ndani, kulikuwa na mfuko wa mpira wa baiskeli, na kutoka hapo mrija mwembamba ulishuka ndani ya mkono wa koti mpaka kwenye kiganja. Alikuwa anaubana kwa kiwiko na kuuachia. Ndiyo hiyo tu. Aliniambia, "Nekesa, mutoto yangu, shona vizuri. Yenye utaona mule ndani, iache mule ndani." Nikashona vizuri kweli. Kushona nilijua.

Sasa lazima nikueleze desturi moja, maana ninyi wa siku hizi hamkuikuta. Enzi zile, mtu wa mazingaombwe hakusimama mbele za watu kabla ya kumwonyesha mikono mchungaji. Wanakwenda nyuma ya nyumba, wawili tu, mwenye mchezo anauonyesha kutoka ndani, mchungaji anaona kwamba hamna pepo wala dawa. Kisha mchungaji anasimama mbele ya umati anasema, "Nimeona. Hii ni kazi ya mikono ya mutu." Basi. Hapo hata mama aliyeokoka jana alikuwa anaweza kutazama kwa amani. Na mchungaji alichoonyeshwa hakukisema, hata kwa mkewe. Bila hiyo desturi, huku kwetu mtu wa mazingaombwe angeitwa mchawi kabla ya saa sita mchana. Wa Bwera alikuwa Mchungaji Ezra, mtu mrefu, mpole, rafiki wa Thembo tangu utotoni. Kwa hiyo waliojua habari ya lile koti tulikuwa watatu, ukimtoa Masika. Mwenyewe, mchungaji, na mimi.

Ndipo nikaja na maarifa yangu. Nikachapa ukurasa wa mwisho wa jarida swali lilelile uliloniuliza wewe: msomaji, unataka nini? Majibu yakaja. Yalikuja na madereva, yalikuja kanisani, yaliachwa dukani. Na karibu yote yalisema kitu kimoja. Tuambieni mzee wa Bwera anaitoa wapi chumvi. Mmoja aliandika kwamba kama hatusemi, basi jarida letu ni la kazi gani. Lile neno lilinichoma roho kwa siku nzima. Zilikuwapo barua chache za namna nyingine. Mwalimu mmoja wa Nyakiyumbu aliuliza ufanye nini ukishindwa mchezo katikati na watoto wanakutazama. Mwingine aliuliza kama anaweza kupata mtu wa kufanya naye mazoezi Jumamosi, kwa maana amechoka kufanya peke yake mbele ya kioo. Hizo niliziona za kuchosha nikazitia kwenye droo.

Nitakwambia na uongo niliojiambia, kwa sababu siku moja nawe utajiambia wa aina hiyo. Kulikuwa na mwanamke mmoja pale Bwera aliyekuwa akinong'ona kwamba ile chumvi ni ya wafu. Mwanamke mmoja, tena ambaye watu walikuwa wanamcheka. Mimi nikamdaka huyo kama niliyeokota kibali. Nikasema nafsini, nikieleza siri hii nitakuwa nimemkinga mzee na uvumi wa uchawi, nitakuwa nimefanya kazi ya mchungaji, ila mimi nitawafanyia watu wote kwa mara moja. Ona ujanja huo. Mchungaji alikuwa ameshasimama mara ngapi kusema ameona, na watu walikuwa wamemwamini. Hakuna aliyenihitaji. Nilitaka tu jarida langu ligombaniwe.

Nikaandika. Kurasa mbili nzima, na mwenzetu mmoja akachora koti na mfuko na mrija, na mshale wa kuonyesha kiwiko. Chini sikuweka jina langu. Niliandika Mwandishi Wetu, na hapo, mwanangu, palitosha kunionyesha kwamba najua ninachofanya. Mtu anayemtendea mwenzake mema haogopi kutia jina.

Nakala zilikwisha upesi kuliko toleo lolote. Nilivimba kichwa. Nikadurufu nyingine, nikajaza kikapu, na Ijumaa nikapanda pikapu ya wachuuzi wa nyanya kwenda Bwera kuuza. Ndiyo, kuuza kulekule. Hukusikia vibaya. Nilijiambia mzee hajui kusoma na watu wa sokoni wana shughuli zao. Sikujua kwamba nakala za kwanza zilikuwa zimenitangulia huko.

Nilifika Mchungaji Ezra akiwa ameshasema maneno yake na kukaa pembeni. Mzee Thembo amesimama katikati, koti limefungwa vifungo vyote, bakuli chini. Mama mmoja muuza chumvi akamtilia kidogo kiganjani. Ngumi ikanyooshwa, chumvi ikaanza. Kijana mmoja wa wale waliokuwa wakivusha mizigo kwa baiskeli akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Muzee, vua koti."

Watu wakacheka kidogo. Mwingine akasema, "Eeh, avue. Iko na mupira kwa bega."

Mzee aliendelea kumwaga. Uso wake haukubadilika, ila alikibana kiwiko ubavuni. Yule kijana akasogea akashika mkono wa koti akavuta. Mshono wangu ulikuwa imara, haukukatika, kwa hiyo koti zima likateleza begani na mfuko ukabaki unaning'inia ubavuni mwake, na chumvi yote ikamwagika juu ya miguu yake. Alikuwa amevaa kandambili. Alisimama pale na fulana yake iliyotoboka, mkono ule wa vidole vitatu bado ameunyoosha.

Laiti wangekasirika. Hawakukasirika. Walicheka, kisha wakarudi kununua vitunguu vyao. Yule mama wa chumvi alichukua mkebe wake akasema, "Kumbe ni hivi tu," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyang'anywa kitu. Naye alikuwa amenunua jarida langu, nililiona limekunjwa chini ya kiti chake. Huyo ni msomaji, Biira. Alipewa alichotaka, na hakukipenda.

Mzee akageuka, hakuniangalia mimi, akamwangalia rafiki yake. "Muchungaji. Ni weye. Wenye kujua ni weye na Nekesa, na Nekesa ni mutoto yangu."

Mchungaji Ezra alitazama kikapu changu. Zile karatasi alizijua, zilitoka kwenye mashine ya kanisa. Akanitazama mimi. Akavua kofia akaishika kwa mikono miwili, akangoja. Aliningoja, mwanangu. Hata leo najua ni muda gani aliningoja, kwa sababu niliinama kufunga kikapu ambacho kilikuwa kimeshafungwa, nikakifungua, nikakifunga tena, na nilipoinua kichwa alikuwa bado anangoja. Ndipo akasema, "Thembo, siye miye. Lakini sitakutajia mutu." Alikuwa na kanuni yake. Jambo la mtu ni la mtu mwenyewe kulisema.

Mzee hakumwamini. Watu, katika kule kucheka, walikuwa wameshamwambia kwamba imeandikwa kwenye karatasi za kanisa. Alipokuwa anakung'uta chumvi miguuni, alinivuta kando akaniambia kwa upole ambao sijawahi kuusahau, "Walikupatia uandike, siyo? Weye unapiga mashine tu. Ungefanya nini." Nami nikatikisa kichwa kukubali.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na usijidanganye kwamba lipo kwenye kurasa zile mbili. Kuchapa ningeweza kusema nilipumbazika. Kile kichwa nilikitikisa nikiwa na akili timamu.

Mzee Thembo hakukanyaga tena kanisani. Hakuwa na mchezo mwingine na mkono ule haukuweza kujifunza mpya, basi yeye na Masika wakahamia Kahendero, kwenye Ziwa George, akawa anapara samaki na kuwaanika. Mchungaji Ezra aliniita mara moja tu. Aliniambia, "Nekesa, hiyo iko yako kusema. Usingoje sana." Nilimwahidi. Nilikuwa hodari wa kuahidi.

Na wasomaji wangu je? Barua zilikuja, loo, zilikuja nyingi. Mwezi mmoja walinisifu. Mwezi wa pili waliuliza ninafichua nini safari hii. Sikuwa na kitu. Wale wenzangu sita walikuwa wamekoma kufanya mchezo wowote mbele yangu, walikuwa wananigeuzia mgongo hata wakikunja leso. Na mazingaombwe yenyewe yakaharibika huku, kwa sababu hakuna tena aliyetaka kumwonyesha mchungaji mikono, akiona yaliyompata Thembo. Waliocheza bila kuonyesha wakaanza kuitwa wachawi. Mmoja alipigwa mawe Nyakiyumbu, akapona, akaacha. Jarida lilikufa kwenye toleo la tatu baada ya lile. Hakuna msomaji hata mmoja aliyeandika kuuliza limekwenda wapi.

Mwaka na zaidi ukapita. Mchungaji Ezra akaugua akafariki. Kwenye mazishi nilimtafuta Mzee Thembo katika ule umati wote, mstari kwa mstari, nikajua kwamba hakuja, na nikajua kwa nini. Siku tatu baadaye nikaenda Kahendero.

Nilimkuta ameketi kwenye gogo, kisu mkono wa kushoto, samaki amembana kwa vile vidole vitatu. Alifurahi kuniona. Akamwita Masika alete kiti. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Nilimwambia ni mimi niliyeandika, hakuna aliyenipa niandike, na mchungaji alijua akaninyamazia ili niseme mwenyewe.

Alimaliza kumpara yule samaki. Akachukua mwingine, akamrudisha.

"Alikuja hapa mara mbili," akasema. "Kwa hii jua. Sikumupatia kiti. Mara ya pili alisimama pale kwa ile mutumbwi akaomba maji, nikamwambia mutoto wa jirani amupe, miye sikusimama." Akafuta kisu kwenye gogo. "Mambo ya chumvi iko kitu kidogo, Nekesa. Ile ningelia siku mbili nikaacha. Weye uliniacha nimuchukie mutu mwenye hakunikosea. Sasa nitamupata wapi nimwambie?"

Nilipotaka kuondoka alimwambia Masika anifungie samaki, kwa maana mgeni haondoki mikono mitupu. Niliwabeba mpaka Kasese, nikawapa majirani. Nilimrudia mara tatu baada ya hapo. Kila mara alinisalimu vizuri, akanipa kiti, akaniuliza habari za kazi. Hakuniita tena mtoto wake. Nilitamani anitukane. Alifariki akiwa hukohuko ziwani, na neno la kunisamehe hakulisema, na simlaumu, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka kusamehewa na Mchungaji Ezra, naye hakumpata wa kumsamehe.

Sasa fungua daftari lako.

Umeuliza wasomaji wa jarida la mazingaombwe wanataka nini. Watakwambia wanataka siri. Wote, kila mwezi. Usiwachukie kwa hilo, ni watu wema, hata yule mama wa chumvi alikuwa mwema. Mtu akitazama mchezo roho humwasha, naye huandika kile kinachomwasha. Anayeandika barua hiyo hapotezi kitu. Kwa hiyo ukishamsikia msomaji, nenda kwa yule atakayepoteza, umsomee kwa mdomo wako mwenyewe kila unachotaka kuchapa, neno kwa neno, hasa kama hajui kusoma. Akikataa, chana mbele yake.

Michezo ambayo ni ya kila mtu, ifundishe, na uifundishe polepole, kwa sababu wako wasomaji wachache wanaotaka kujifunza kweli. Hao utawajua. Hawaulizi mtu fulani anafanyaje. Wanauliza wao wafanyeje, mkono ukitetemeka, ulimi ukikwama, mtoto wa mbele akisema ameona. Wanataka kujua nani mwingine anaishi karibu anayependa wanachopenda. Andikia hao hata wakiwa watano. Aliyebuni mchezo, mtaje jina lake angali hai alisikie. Na kila ukurasa utakaoona haya kuuwekea jina lako, huo usiuchape kamwe, Biira, hata ukijieleza vizuri namna gani kwamba ni kwa faida ya mwenyewe.

Na jambo la mwisho ni hili, na hili ndilo zito. Utakosea. Kila mwenye kalamu hukosea. Siku hiyo sema palepale, kabla watu hawajaenda zao, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Sema ukiwa unatetemeka, sema vibaya, kigugumizi hakina neno. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi niliyapata maneno mazuri sana, njiani kwenda Kahendero, na mmoja wa wawili niliotakiwa kuwaambia alikuwa ameshazikwa.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na kinywa chako akipe haraka kuliko alivyonipa mimi. Akupe wasomaji wachache wanaokupenda. Na akikupa wengi, akupe pamoja nao nguvu ya kuwaambia hapana. Mimi alinipa wengi.